Ringi za Mzee Anselim

Mzee Anselim alipoanza kula wali kwa kijiko, nyumba nzima ilicheka. Mtu kazaliwa upande wa Mahenge, kakulia Ifakara, kala wali wa bonde hili kwa mkono wake maisha yake yote, leo anaomba kijiko! Mkewe, Mama Balbina, alimwuliza kama na uma uletwe. Binti yao Odilia akasema Baba sasa kawa mzungu, kilichobaki ni kofia tu. Mzee alicheka nao, akaendelea kula. Jamani, kucheka ni rahisi. Hakuna hata mmoja pale mezani aliyemtazama vidole.

Anselim alikuwa fundi nondo. Wasiojua ujenzi hudhani zege ni kitu cha nguvu tupu. Nguvu inayo, ukiikandamiza; lakini ukiivuta au ukiikunja inakatika kama biskuti. Ndiyo maana ndani yake huwekwa vyuma, na anayevisuka vyuma hivyo kabla ya zege kumwagwa ni fundi nondo. Akimaliza, kazi yake inazikwa humo humo na hakuna macho yatakayoiona tena. Aliyepaka rangi husifiwa na wageni. Fundi nondo hasifiwi na mtu, labda mchwa.

Anselim hilo halikumsumbua. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya miwa, akikata miwa na watu wa kila mkoa, mpaka siku aliyokutana na Beno, mpinda nondo mwenye maneno mengi kuliko redio. Wakashikana. Beno alipinda, Anselim alifunga, na kati ya Ifakara na Mlimba hakuna ghala la mpunga la maana ambalo wawili hawa hawakuligusa. Anselim alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka na kuiheshimu. Siku ya kutoa mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia zege changa, watu wote walikaa mbali, ila yeye aliingia chini ya bimu, ile boriti ya zege aliyoifunga mwenyewe, akasimama pale akimenya muwa, mpaka mrunda wa mwisho ulipoanguka. Alikula muwa wake, akatoka.

Odilia alikulia miguuni mwa wazee hao wawili, akiwakatia waya wa kufungia. Kabla hajajua kusoma alishajua ringi ni nini: kile chuma cha umbo la fremu kinachozunguka nondo kubwa na kuzishika pamoja. "Ringi isiyofungwa ni suruali bila mkanda," baba yake alimwambia. "Inakaa vizuri tu, mpaka siku utakapotakiwa kukimbia." Maneno hayo ndiyo yaliyompeleka mtoto wa watu chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uhandisi. Aliporudi alifungua ofisi ndogo karibu na stendi ya Ifakara, akaanza kuchorea watu ramani za majengo. Mafundi walimwita Mama Ringi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Zege halimwagwi mpaka yeye apande juu, aingize mkono katikati ya nondo, aguse, avute, atikise. Kama ringi moja imelegea, wote mnarudi nyumbani mkinuna.

Ila kazi ya baba yake hakuipandia hata siku moja. Angepandaje? Aliyemfundisha kupanda ndiye huyo huyo aliyeifunga. Aliitazama kutoka chini, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mwageni.

Basi kigango kimoja upande wa Michenga kikaamua kuongeza roshani ya kwaya kanisani, juu ya mlango mkubwa. Kwaya ilikuwa imezidi nafasi. Sauti ya pili walikuwa wakiimbia karibu mlangoni, nusu wamelowa mvua. Padri Deogratias akamkabidhi Odilia kazi ya kuchora ramani, na nondo wakampa Mzee Anselim, maana Mama Balbina mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya hiyo, sauti ya kwanza, na kazi ya nyumbani hupewa mtu wa nyumbani.

Roshani ile haikuwa mchezo. Bimu moja ndefu ilitoka nguzo hadi nguzo, na sakafu ya kusimamia waimbaji ilichomoza upande mmoja tu, upande wa altare. Nyuma ya bimu hakukuwa na kitu ila uwazi wa ngazi. Odilia alikaa mazoezini Jumapili kadhaa akiwatazama waimbaji kabla hajashika kalamu. Vitabuni, watu ni mzigo uliotandazwa sawasawa kama mpunga kwenye turubai. Kwaya ya kigango haijatandazwa sawasawa hata siku moja! Wimbo ukikolea wote wanasogea mbele, wanacheza kwa mguu mmoja, na mwenye shangazi yake kwenye mabenchi anainama kumpungia mkono. Kwa hiyo alichora ringi nene, za karibu karibu, na akasisitiza kila moja ifungwe kabisa. Mama Siwema, kiongozi wa kwaya, mwanamke asiyemeza neno, akalalamika kwamba mtoto wa Balbina analifunga zege kama anafunga mwizi.

Mama Balbina akalipeleka lalamiko hilo kwa bintiye siku moja akifua uani. "Kweli, Odi, vyuma vyote hivyo vya nini?"

"Mama, nipe hiyo sabuni."

Ulikuwa mche mzima wa sabuni, mpya. Odilia akaushika ncha zote mbili, akausokota kama anayekamua nguo. Mche ukakatika vipande viwili.

"Wewe mtoto! Sabuni yangu!"

"Tazama kwanza ilivyokatika. Karibu na nguzo mzigo unataka kuikata bimu, hilo kila fundi analijua, na ringi zinazuia. Lakini nyinyi mkisimama kule mbele, hamuikati tu, mnaisokota. Ona ufa. Umeanzia juu, ukashuka ubavuni kwa mshazari, ukapita chini, ukapanda upande wa pili. Umezunguka. Ringi lazima iuzuie pande zote nne. Ukiacha mlango upande mmoja, unapitia hapo hapo."

"Kwa hiyo zifungwe."

"Zifungwe, na ncha zake zikunjwe zirudi ndani, zishike zege la katikati. Zikiishia juu juu, siku zege la nje likibanduka ringi inafunguka yenyewe."

Mama Balbina akaigeuzageuza sabuni yake. "Nimekuelewa," akasema. "Na sabuni utanunua nyingine."

Jumamosi ya kumwaga zege ilifika, na kigango kilijaa. Huku kila jumuiya ina zamu yake: hawa wanabeba maji, hawa kokoto, wale wanapika. Mashine ya kuchanganyia zege ilikodiwa mjini, inanguruma. Padri Deogratias alikuwa ndani ya gamubuti, amekunja kanzu kiunoni. Odilia akaingia kanisani, akainua macho. Ringi zilikuwa zimepangwa kwa mstari safi, na waya umekazwa vizuri. Akajisikia fahari ya mtoto. Hakupanda. Akatoka nje akawaambia waanze, kisha akapita kwenye mafiga ya kina mama.

Akamkuta mama yake anachambua mchele, amekunja uso.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Baba yako amenikera."

"Amefanya nini tena?"

"Ananikataza kupanda roshani! Tangu juzi, wimbo ni huo huo. Eti ikiisha, mimi niimbie chini karibu na kinanda. Eti ngazi, eti magoti yangu. Magoti haya! Wiki iliyopita nimevuna mpunga Idete tangu kunakucha mpaka jua linazama, magoti hakuyaona. Leo ndiyo ameyaona?"

Wanawake wakaangua kicheko, na Odilia akacheka nao. Mara akaacha. Baba yake, aliyekuwa akimenya muwa chini ya kila bimu aliyoifunga, leo anamkataza mkewe kupanda juu ya bimu yake? Akageuka, akarudi kanisani karibu mbio, akapanda ngazi ya mbao.

Akaingiza mkono katikati ya nondo, akagusa pale ringi zinapokutana. Akakata waya mmoja. Ncha mbili za ringi zilikuwa zimelala pamoja, zimenyooka kama vidole viwili, hazikukunjwa kurudi ndani hata kidogo. Zilishikwa na waya tu. Akakata waya wa pili, wa tatu, akasogea mpaka nguzo ya upande wa pili. Zote. Hasira ndiyo iliyomjia kwanza, tuseme ukweli, hasira ya kumfanya mtu apige kelele kanisani. Na kelele alipiga.

"Simamisheni! Msimwage! Zimeni mashine!"

Mashine ilishapindua zege la kwanza kwenye karai. Watu wakabaki wamesimama na ndoo zao, wanatazamana. Padri akauliza kuna nini. Odilia akamwomba radhi, akasema atamjibu sasa hivi, akaenda kumtafuta baba yake.

Alimkuta nyuma ya stoo ya saruji, amekaa juu ya mfuko mtupu, peke yake.

"Baba, ringi hazina ncha."

"Zina waya."

"Baba."

"Mbona zamani watu walifunga hivyo hivyo na nyumba zimesimama."

"Watu, ndiyo. Wewe hukufunga hivyo hata siku moja. Hata lenta ya mlango wa banda la kuku la Mama uliifunga kwa ncha." Akamsogelea. "Mama umemkataza asipande. Na Mama Siwema? Na Oliva, anayeimba na mtoto mgongoni? Wao hawana mume wa kuwakataza?"

Mzee Anselim alitazama chini, na mikono yake ilikuwa imefichwa makwapani, kama mtu anayesikia baridi katika joto la Kilombero. Ndipo Odilia alipokumbuka kijiko. Akakumbuka pia kwamba siku hizi baba yake hasalimii kwa kushikana mikono, anainua kiganja tu kwa mbali, na wao wamezoea.

"Nionyeshe mikono yako, Baba."

Aliitoa taratibu. Jamani! Maungio ya vidole yalikuwa yamevimba, kila kimoja na nundu yake, na kidole gumba cha kulia hakikuweza kukifikia cha pili. Kona za kawaida za ringi alikuwa ameziweza, maana pale fundi huegemea chuma cha kupindia kwa uzito wa mwili mzima. Lakini ile ncha ya mwisho, ya kurudi ndani, inataka kiganja kilichofumba. Na yeye kiganja hakifumbi tena.

"Tangu lini?"

"Beno alikuwa anajua. Ringi za kazi zilizopita alizipinda zote yeye, mimi nikafunga. Halafu akaenda zake Mchombe kulima mpunga, na hizi za roshani nikabaki nazo peke yangu."

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Ningekuambia nini, mama?" Alimwita hivyo, mama, kama alivyomwita alipokuwa mtoto wa kukata waya. "Kwamba baba yako hawezi kushika tonge? Mimi ni fundi nondo. Ukitoa nondo hapa, kinabaki nini? Mzee wa kulinda kuku. Kila siku nilisema kesho mikono itakuwa nafuu, nitazirudia. Kesho ikawa leo."

Hasira yote ya Odilia ikayeyuka, akapiga magoti juu ya vumbi la saruji akalia. Alimpenda mzee huyu kuliko vitabu vyote na vyeti vyote, na alikuwa amepitisha kazi yake miaka yote bila kumshika mkono. Akaichukua ile mikono akaiweka ndani ya yake, polepole, asije akaiumiza.

"Nitawaambia ramani ilikuwa na kosa," akasema. "Nitasema ni mimi."

Mzee Anselim akainuka. "Hapana. Hilo jina lako nimelisuka kwa mikono hii ilipokuwa mizima. Silivunji leo. Halafu tena udanganye mbele ya padri, kwenye uwanja wa kanisa?"

Akatangulia. Akaenda hadi katikati ya watu, kando ya lile karai la zege, akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," wakajibu.

"Ringi za roshani hazijafungwa. Binti yangu alichora vizuri, mimi ndiye sikuzifunga. Mikono yangu imenigomea na nikaona aibu kusema. Nikazifunika kwa waya. Nisameheni."

Hata watoto waliacha kukimbizana. Mama Balbina alikuwa amesimama na ungo wake wa mchele, mdomo wazi, na sasa alikuwa akimtazama mumewe mikono, si uso. Aliyesema wa kwanza ni Mama Siwema, nani tena.

"Kumbe! Sisi tuanguke na sauti zetu, Balbina wako abaki chini na kinanda?"

Anselim akainamisha kichwa. "Ndivyo ilivyokuwa, Mama Siwema. Sina la kujitetea."

"Huna, kweli." Alimkazia macho mpaka watu wakaanza kuona aibu kwa niaba yake. Kisha akashusha pumzi. "Mficha uchi hazai, Mzee Anselim. Ungesema mapema, ungekosa watu wa kukupindia vyuma kigango kizima? Lakini kwa kuwa umesema kabla hatujapanda, sikufukuzi. Adhabu yako nakupa mimi. Siku ya mtakatifu somo wa kigango chetu, roshani ikifunguliwa, wewe utapanda na kwaya. Mstari wa mbele, ukingoni kabisa. Na utaimba, na utacheza."

"Mimi siimbi," Anselim akasema kwa hofu ya kweli. Sauti yake ilijulikana. Chura wa mashamba ya Michenga angeona haya.

"Utaimba!"

Padri Deogratias akacheka hadi akashika kiuno. "Mimi kwa kitubio ningempa sala za Baba Yetu chache tu," akasema. "Hii yako imenizidi." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na wali ukaliwa siku ile kama vile kazi imefanyika. Lile zege la kwanza halikutupwa. Lilimwagwa kwenye njia ya kwenda chooni, na hadi leo ni njia imara kuliko zote katika bonde.

Jioni Odilia alimpigia simu Beno. Kabla wiki haijaisha Beno alishuka kwenye bodaboda akiwa na mchele wa Mchombe mgongoni, na akaanza kutukana kabla hajasalimu. "Anselim, mjinga wewe! Mimi nimeenda kulima, sijaenda kaburini! Kwa nini hukuniita?" Wakashikana mabega, maana mikono haikufaa, wakakaa hivyo muda mrefu. Kisha wakafumua zile ringi zote. Beno alipinda na kuongea. Odilia, Mama Ringi mwenyewe, alivua viatu vya ofisini akafunga waya alivyofunga utotoni. Na Mzee Anselim akapita ringi baada ya ringi, akigusa kila ncha kwa kile kidole kilichovimba, akisema hii sawa, hii sawa, hii rudia. Beno alirudia akilalamika. Kabla ya zege kumwagwa, Odilia alipanda akakagua tena zote, za baba yake kama za mtu mwingine yeyote. Mzee alishika ngazi akimngoja.

Sikukuu ya somo ilikuta zege limekomaa na mirunda imeachwa kwa makusudi mpaka asubuhi ile, Padri abariki kwanza. Kwaya ikapanda na sare zake. Mzee Anselim alipanda wa mwisho, shati la kijani limembana tumbo, na Mama Siwema akampeleka hadi ukingoni kama alivyoahidi. Mama Balbina akasimama pembeni yake. Akauchukua mkono wa mumewe, ule mbaya zaidi, akaushika kwa vidole viwili tu.

Mirunda ikaanza kugongwa. Watu wakasogea nyuma hadi kwenye mabenchi, kama desturi. Anselim akainama juu ya ukingo akatazama chini, pale alipozoea kusimama yeye. Kutoka juu, ukingo wa roshani ulimzuia kuona chini ya bimu.

"Odi!" akaita. "Uko wapi?"

"Niko hapa, Baba."

"Hapa wapi?"

Mrunda wa mwisho ukaanguka kwa kishindo. Odilia, na kipande cha muwa mkononi, akasubiri mlio upoe ili asikike vizuri.

"Chini yako."

Mzee Anselim akanyooka. Mama Siwema akainua mkono, sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikafuata, na kwaya nzima ikasogea mbele kucheza. Katikati ya sauti zote nzuri zile Odilia aliisikia moja mbaya, ya baba yake, inaimba kwa nguvu zote.